Umekwisha Kuapa: Sasa Utamwita Nani Kwanza?

Jumamosi moja tulikusanyika nyumbani kwa mwenzetu mmoja kumpongeza. Siku mbili kabla ya hapo alikuwa ameinua mkono wa kulia mbele ya jaji na kuapa kuwa raia wa Marekani. Pilau ilipikwa, keki ikakatwa, watoto wakapeperusha vibendera vya karatasi. Hata kabla hatujanawa mikono, simu ikalia. Alikuwa kaka yake aliyeko Nakuru.

"Hongera sana, dada! Sasa sisi tunakuja lini?"

Mwenzetu akacheka, akajibu, "Msiwe na wasiwasi, kaka, mtakuja tu." Lakini alipoweka simu chini hakuwa akicheka tena. Akatugeukia akatuuliza, "Jamani, nimemwahidi nini?"

Swali lake ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Sisi ni kina mama wachache kutoka Kenya, Tanzania na Kongo tunaoishi Marekani. Baadhi yetu tumekwisha kuapa, wengine bado tunangoja. Tumeona furaha ya siku ya kiapo, na tumeona pia machozi yanayofuata pale mama anapogundua kwamba alichelewa jambo dogo, au kwamba aliahidi jambo ambalo sheria haikumruhusu kulitimiza. Ahadi ni deni, na deni la safari huweza kuwatenganisha ndugu wa tumbo moja.

Basi, ndugu msomaji, kama umekwisha kuapa, au kama mume wako, binti yako au dada yako yuko huko na wewe unangoja nyumbani, tuketi pamoja tulitazame jambo hili hatua kwa hatua.

Cheti chako ni mali

Siku ya kiapo utarudisha ile kadi ya ukaaji wa kudumu ambayo wengi huiita grinikadi, na utapewa cheti cha uraia. Usiondoke ukumbini kabla hujakisoma. Tazama jina, herufi kwa herufi. Tazama tarehe ya kuzaliwa na nchi uliyotoka. Kosa likiwa ni la ofisi, husahihishwa bila malipo. Lakini tarehe uliyoitaja mwenyewe na kuiapia, hata kama iliandikwa kambini na mtu aliyekuwa na haraka, ni vigumu sana kuibadilisha baada ya uraia. Wenzetu wengi waliopita makambini wanajua tunasema nini, maana karibu kila mmoja wao "alizaliwa" tarehe 1 Januari. Aliye na kosa la namna hiyo na alishughulikie kabla ya siku ya kiapo.

Kitie cheti mahali pasipofika maji wala mikono ya watoto. Kikipotea, kupata kingine kwa fomu N-565 hugharimu zaidi ya dola 500 na miezi mingi ya kungoja.

Halafu omba pasipoti mara moja, hata kama huna safari. Pasipoti ndiyo uthibitisho wa uraia unaoweza kuutumia kila siku bila kuhangaika na cheti. Kwa mara ya kwanza utakwenda mwenyewe mahali wanapopokea maombi. Ofisi nyingi za posta hufanya kazi hiyo. Uwe na fomu DS-11 ambayo hujaitia saini, cheti chenyewe pamoja na nakala yake, kitambulisho chenye picha, picha moja ya pasipoti na malipo. Kwa mtu mzima ni dola 130 za pasipoti na dola 35 za kupokea maombi. Usishtuke wanapochukua cheti chako, kwani watakirudisha kwa posta, mara nyingi katika bahasha tofauti na ile ya pasipoti. Pasipoti ya mtu mzima hudumu miaka 10, ya mtoto aliye chini ya miaka 16 hudumu miaka 5.

Usisahau pia kupeleka habari zako mpya katika ofisi ya Social Security, na kujiandikisha kupiga kura. Wengine huulizwa kuhusu kura hapo hapo ukumbini. Lakini asiyeapa asithubutu kujiandikisha, hata akishawishiwa na mtu mwenye karatasi sokoni. Kosa hilo limewaharibia watu njia ya uraia.

Watoto ulio nao nyumbani

Hapa ndipo furaha kubwa ilipo, na hapa ndipo pana saa inayokwenda kimya kimya.

Kwa sheria iliyoanza kufanya kazi tarehe 27 Februari 2001, mtoto huwa raia papo hapo, bila kuapa, kama mambo haya yamekutana kabla hajatimiza miaka 18: mzazi wake mmoja ni raia, mtoto mwenyewe ana ukaaji wa kudumu, na anaishi Marekani chini ya malezi halali ya mzazi huyo. Maana yake, mama anapoapa, mtoto wake wa miaka 12 aliyeko shuleni wakati ule naye anakuwa raia, ingawa hana habari.

Ila hakuna atakayekuletea karatasi nyumbani. Mwombee pasipoti, ukionyesha cheti chako, cheti chake cha kuzaliwa na kadi yake ya ukaaji. Ukitaka, unaweza pia kumwombea cheti chake mwenyewe cha uraia kwa fomu N-600. Mtoto aliye chini ya miaka 16 anahitaji ridhaa ya wazazi wote wawili. Kama baba yuko mbali, atatia saini fomu ya ridhaa mbele ya ofisa anayekubalika. Kama unamlea peke yako kwa amri ya mahakama, peleka amri hiyo.

Sasa isikie saa tuliyoitaja. Mama mmoja wa kikundi chetu aliahirisha kupeleka maombi yake ya uraia kwa karibu miaka 2. Sababu zake zilikuwa za kweli: zamu za usiku katika nyumba ya wazee, kodi ya nyumba, na hofu ya mtihani wa Kiingereza. Alipoapa, binti yake alikuwa ametimiza miaka 18 wiki tatu zilizopita. Hakuna ofisa aliyeweza kuzirudisha wiki tatu zile. Binti alilazimika kujaza maombi yake, kulipa ada yake na kufanya mtihani wake. Tunalisema hili si kwa kumlaumu mwenzetu, bali kwa ajili ya wewe mwenye mtoto wa miaka 16 ambaye bado unasema "mwakani".

Jambo jingine: mtoto wa kambo hapati uraia kwa njia hii, hata kama ulimlea tangu alipokuwa wa kubebwa mgongoni. Anaupata kwa mzazi wake wa kumzaa, au kwa wewe kama umemwasili mahakamani kwa masharti ya sheria.

Familia ya sheria ni ndogo kuliko yetu

Kwetu familia ni baba, mama, shangazi, mjomba, bibi, binamu, na mtoto wa marehemu dada ambaye hakuna anayekumbuka kwamba hakuzaliwa nyumba hii. Sheria ya uhamiaji ya Marekani haihesabu hivyo. Inawapanga watu katika mafungu.

Fungu la kwanza ni la wale walio karibu kabisa: mume au mke wako, mtoto wako ambaye hajafikia miaka 21 na hajaoa wala kuolewa, na wazazi wako, kama wewe umetimiza miaka 21. Hawa hawawekewi idadi kwa mwaka, na kwa hiyo hawana foleni ya nafasi. Hungoja tu karatasi zishughulikiwe.

Mafungu mengine yana idadi maalumu, na idadi huleta foleni. Kuna wana na mabinti waliotimiza miaka 21 ambao hawajafunga ndoa. Kuna waliofunga ndoa. Mwisho kabisa kuna kaka na dada zako. Fungu hili la ndugu limetengewa viza 65,000 kwa mwaka kwa dunia nzima, ndani yake wakihesabiwa wake, waume na watoto wao. Waombaji ni wengi kupita kiasi, hata foleni ya ndugu imepita miaka 15.

Bibi, shangazi, mjomba, binamu na wakwe hawamo kabisa. Mama mkwe wako huitwa na mwanawe, yaani mume wako, naye akiwa raia. Mtoto uliyemlea kwa sababu ya msiba hahesabiwi kwa malezi peke yake. Panatakiwa hati ya kuasili, kwa kawaida iliyopatikana kabla mtoto hajafikisha miaka 16, pamoja na masharti mengine. Kama una mtoto wa namna hiyo, mwone wakili mapema, maana hapa nako umri haungoji.

Kila unayemwombea huanza kwa fomu I-130. Kwa viwango vilivyowekwa Aprili 2024, ada yake ni dola 675 kwa fomu ya karatasi, au dola 625 kwa njia ya intaneti. Fomu hiyo huthibitisha undugu tu. Si viza, wala haimpi mtu ruhusa ya kuja kutembea akingoja. Pia uulize kwanza hali ya nchi ya yule unayemwita. Tangu mwaka 2025 serikali ya Marekani imetangaza vizuizi vya kuingia kwa raia wa nchi kadhaa, na Burundi ilikuwa katika orodha ya Juni mwaka huo. Mambo haya hubadilika, basi usikate tiketi wala kuuza shamba kwa kutegemea habari za mwaka jana.

Kosa lililomfanya baba angoje

Mwenzetu mwingine alikuja kwa bahati nasibu ya viza. Nauli na ada hazikutosha wote, kwa hiyo mume na watoto wawili wakabaki Kenya. Mwaka wa tatu, alipopata kazi ya kudumu, akamwombea mume kwa kutumia kadi yake ya ukaaji. Ombi likawa moja tu, kwa jina la mume, na watoto wakaambatana na baba yao. Ndivyo sheria inavyoruhusu kwa mwenye kadi.

Kisha akawa raia, na sote tukafurahi kwamba sasa mume ametoka katika foleni. Tulichokuwa hatujui ni kwamba kwa raia hakuna kuambatana. Mume wa raia huja kwa ombi lake, na kila mtoto huja kwa ombi lake. Karatasi za baba zilipokuwa tayari, watoto hawakuwa na lolote. Akaulizwa kama atasafiri na kuwaacha. Kijana alikuwa na miaka 14, binti miaka 9. Baba akasema hapana. Maombi mawili mapya yakaandikwa, ada mbili zikalipwa, na nyumba ile ikakaa mwaka mwingine ikisalimiana kwa simu.

Basi shika hili: siku unayoapa, kama una ombi lililokuwa likiendelea, ijulishe ofisi kwamba umekuwa raia, na mwandikie kila mtoto ombi lake mwenyewe bila kukawia. Mtoto ambaye ombi lake limepokelewa akiwa chini ya miaka 21 na wewe ukiwa raia, umri wake huhesabiwa kuwa ule wa siku hiyo, hata kama karatasi zitachelewa, mradi asifunge ndoa. Mtoto wako akikuambia ana mchumba, mweleze mapema kwamba harusi itamhamishia katika fungu jingine lenye miaka mingi ya kungoja. Si kazi yetu kuzuia harusi, lakini si haki kumwacha kijana aamue gizani.

Saini isiyokwisha kwa talaka

Kumwita mtu ni kumdhamini. Utatia saini fomu I-864, ukiahidi serikali kwamba hatakuwa mzigo. Kwa kawaida kipato cha nyumba yako kinatakiwa kufikia asilimia 125 ya kiwango cha umaskini kilichowekwa na serikali, kwa hesabu ya watu wote wa nyumbani pamoja na wageni unaowaita. Kisipofika, mtu mwingine mwenye uraia au ukaaji wa kudumu anaweza kudhamini pamoja nawe.

Tafadhali soma kabla ya kutia saini. Ahadi hiyo hudumu mpaka uliyemdhamini awe raia, au ahesabiwe robo 40 za kazi, yaani kama miaka 10, au aondoke nchini moja kwa moja na kuacha ukaaji wake, au afariki. Talaka haiifuti. Kama ni rafiki wa kanisani anayekuomba umsaidie kudhamini, zungumza na mume wako kwanza. Aibu ya kukataa leo ni ndogo kuliko ugomvi wa nyumba kesho.

Je, mama mwenyewe anataka kuja?

Wengi wetu, tukiulizwa tutamwita nani kwanza, tunasema "mama". Ni neno zuri. Lakini tumemwona mama mzee akikaa peke yake katika nyumba iliyofungwa madirisha kwa sababu ya theluji, watoto wote wakiwa kazini, akitazama saa. Huko kijijini alikuwa na kuku wake, jirani zake na kwaya yake.

Muulize kabla ya kujaza fomu. Mweleze kwamba wadogo zako hawawezi kuambatana naye, hata yule wa mwisho aliye bado shule ya msingi. Mweleze kwamba kadi ya ukaaji ni ya mtu anayekaa, na akikaa nje muda mrefu anaweza kuipoteza. Na ninyi wenyewe pigeni hesabu ya matibabu. Mzee aliyetimiza miaka 65 kwa kawaida hawezi kujiunga na bima ya Medicare mpaka awe amekaa miaka 5 mfululizo, na bima ya kununua ni ghali. Mama akisema anataka kuona wajukuu na kurudi kwake, huenda viza ya matembezi ndiyo inayomfaa.

Na uraia wa nyumbani?

Jambo hili wengi huliuliza wakiwa wamekwisha kuapa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamruhusu Mkenya wa kuzaliwa kubaki na uraia wake anapopata mwingine, na aliyeupoteza zamani anaweza kuomba kuurudishiwa. Sheria ya mwaka 2011 inamtaka atoe taarifa ya uraia wake wa pili ndani ya miezi mitatu. Uganda, Rwanda na Burundi nazo zinaruhusu uraia pacha. Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa nao, na Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inasema uraia wa Kongo hauchanganywi na mwingine.

Maana yake, dada wa Kitanzania aliyeapa Marekani huenda akahitaji viza kwenda kumzika baba yake Moshi, na viza hiyo kwa Mmarekani ni dola 100. Tena sheria ya ardhi ya mwaka 1999, kama ilivyotungwa, haikumruhusu asiye raia kumiliki ardhi ila kwa uwekezaji. Kama una kiwanja au unatarajia urithi, zungumza na mwanasheria wa nyumbani kabla ya kuapa.

Kwa wewe unayengoja

Mama uliyeko Mwanza au Kisumu, kazi yako si kungoja tu. Tengeneza vyeti. Cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto kiwe na jina la mama na la baba, yakiandikwa sawa na yalivyo katika pasipoti. Tanzania, nenda RITA au ofisi ya mkuu wa wilaya. Kenya, nenda ofisi ya usajili ya serikali. Ndoa ya kimila iliyofungwa kwa ng'ombe na mashahidi ni ndoa, lakini bila kusajiliwa ofisa wa ubalozi hatakuwa na cha kusoma. Tunza picha, barua, stakabadhi za fedha mlizotumiana. Karatasi zikikosekana, huenda mkashauriwa kupima vinasaba. Msiogope, ila zungumzeni ukweli wote ndani ya nyumba kabla ya kipimo, maana kipimo hakina staha.

Na mjihadhari na wajanja. Huko Marekani mthibitishaji wa hati si wakili. Mtafute wakili wa uhamiaji au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria. Anayekuambia "ninamfahamu mtu ubalozini" anataka fedha zako.

Simu ya pili

Yule mwenzetu hakulala vizuri usiku ule. Jumapili jioni alimpigia kaka yake. Akamwambia kwamba ataandika ombi, lakini njia ya ndugu imepita miaka 15, na watoto wake walio shuleni leo huenda wakawa wamezidi umri zamu itakapofika. Akamwomba asiache kazi na asiuze ng'ombe.

Kaka alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Asante kwa kuniambia. Mke wangu alikuwa ameanza kutafuta mnunuzi wa kiwanja."

Kiwanja hakikuuzwa. Ombi liliandikwa mwezi uliofuata, na stakabadhi yake imewekwa pamoja na cheti. Nawe, mama mpendwa, chukua daftari leo jioni. Andika majina ya watu wako, tarehe zao za kuzaliwa, na kama wamefunga ndoa. Weka alama kwa kila anayekaribia miaka 18 au 21. Anza na hao. Wengine wapigie simu, uwaambie ukweli.